Programu za kompyuta za zamani: maswali ninayoulizwa hapa Moshi

Karakana yangu iko Moshi mjini, mwendo mfupi kutoka soko la Mbuyuni. Watu huniletea kompyuta walizoachiwa na mjomba, walizonunua mtumba, au zilizotolewa stoo ya shule. Mara nyingi chuma chenyewe ni kizima, ila hakuna programu ya kukipa kazi. Nimeyaandika hapa maswali ninayoulizwa kila wiki, pamoja na majibu ninayotoa. Walioko Arusha nao yanawafaa, maana mashine zetu zimepita njia moja.

Fundi, kompyuta ikiitwa ya zamani ni ya tangu lini?

Mzungu mpenzi wa kompyuta za zamani akikuonyesha yake, huenda ikawa Apple II ya mwaka 1977 au Commodore 64 ya mwaka 1982. Kwetu hizo ni adimu, na kuna sababu. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na mlango ulikuja kulegezwa miaka ya 1980. Kizazi kizima cha kompyuta za nyumbani kikatupita. Zilizojaa kwetu zilikuja baadaye, nyingi zikiwa zimeshatumika kwenye ofisi za ng'ambo.

Kwa hiyo mezani kwangu zinakuja za aina tatu. Za kwanza ni 486 na Pentium za mwanzo, zenye DOS (mfumo wa kale wa kuandika amri, usio na madirisha), Windows 95 au Windows 98. Za pili, na ndizo nyingi kuliko zote, ni Pentium III na Pentium 4 zenye Windows XP na monita ya chogo. Za tatu ni Core 2 Duo, zilizotoka kuanzia mwaka 2006. Hizi za tatu watu huziita za zamani lakini bado zina nguvu. Ukiziongezea RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) na kuziwekea Linux (mfumo huru wa kuendesha kompyuta badala ya Windows) zinafanya kazi nyingi za leo.

Nianze wapi kutafuta programu?

Usianze kwenye intaneti. Anza kwa kujiuliza unataka mashine ifanye kazi gani, kisha ujue ina nini ndani, halafu ndipo utafute programu. Wanaoanza na programu humaliza bando, na mwisho wanakuta waliyopakua haikubali.

Kujua kilichomo ndani si kazi ngumu. Washa mashine huku ukibonyeza Delete, F2 au F10, utaingia kwenye ukurasa wa BIOS (programu ya ndani inayoiamsha mashine) unaoonyesha prosesa, RAM na ukubwa wa hadi diski, yaani diski kuu ya kuhifadhia. Kisha ifungue kava uangalie: ina tundu la USB? Ina kisoma CD, na kinasoma DVD au CD peke yake? Kadi ya mtandao imeandikwaje kwenye kile kipande cheusi kikubwa? Yaandike yote kwenye karatasi, uibandike kwa ndani ya kava. Mimi nafanya hivyo kwa kila mashine inayopita mkononi mwangu, na nikiletewa tena baada ya miaka miwili sipotezi asubuhi nzima kuichunguza upya.

Jambo moja ambalo wengi hawaliangalii ni kama prosesa inaelewa maagizo yanayoitwa SSE2. Pentium 4 inayaelewa, Pentium III haiyaelewi, na Athlon XP haiyaelewi pia. Programu nyingi za miaka ya karibuni hazifunguki bila SSE2. Unaweza kuwa na RAM ya kutosha na diski tupu, lakini programu ikakataa kwa sababu hiyo tu.

Nina Pentium 4 yenye RAM ya MB 512. Niipige windo au niweke Linux?

Inategemea itaunganishwa na mtandao au la. Kama haitaunganishwa kamwe, Windows XP bado inafaa sana kwake, maana zilitengenezwa zama moja. Kama itaunganishwa, weka Linux. Microsoft iliacha kuitunza XP tarehe 8 Aprili 2014, na tundu lolote la usalama linalogundulika baada ya hapo linabaki wazi.

Ukienda Linux, uwe mwangalifu na toleo. Pentium 4 nyingi ni za biti 32, yaani kizazi cha zamani cha prosesa, na matoleo makubwa ya Linux yameshaziacha. Ubuntu iliacha kutoa CD ya biti 32 ya kompyuta za mezani tangu toleo la mwaka 2017. Debian ilivumilia zaidi: Debian 12 ya mwaka 2023 bado inakubali, lakini Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena CD ya kuisimika kwenye biti 32. Kila wiki naona mtu aliyepakua toleo jipya kabisa akidhani jipya ndilo bora, halafu mashine inamwambia prosesa si sahihi.

Ninazoweka mimi ni tatu. Ya kwanza ni antiX, ambayo imejengwa juu ya Debian na inakwenda vizuri hata kwenye MB 256, ingawa MB 512 ndiyo raha yake. Ya pili ni Puppy, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Barry Kauler wa Australia. Puppy inajipakia yote kwenye RAM, hivyo inafaa mashine ambayo hadi diski yake imekufa: unaiwasha kwa CD, unafanya kazi, unahifadhi kwenye flashi. Ya tatu ni Tiny Core, ambayo haifiki MB 30 na inaamka kwenye RAM ya MB 64. Hiyo ya tatu simpi anayeanza, kwa sababu karibu kila kitu unajiongezea mwenyewe.

Na hizi za DOS? Si zimekufa kabisa?

Hazijafa. Mwaka 1994, ilipoonekana Microsoft inaiacha DOS, mwanafunzi mmoja wa Marekani, Jim Hall, alianzisha DOS huru. Inaitwa FreeDOS, inatunzwa mpaka leo, ni bure kisheria, na CD yake inakuja na programu za kuhariri maandishi, kufungua faili zilizobanwa, lugha za kuandikia programu na michezo. Mtu mwenye 486 mimi humwelekeza huko moja kwa moja.

Kuna pia KolibriOS, mfumo mzima wenye madirisha, kipanya na michezo, unaoenea kwenye flopi moja ya MB 1.44. Mara ya kwanza niliiwasha kwenye Pentium ya zamani, ikafika mezani kabla sijavuta kiti. Kwa kazi za ofisi haitoshi, lakini ni njia nzuri ya kujua kama mashine ni nzima.

Programu zenyewe nazipata wapi?

Ghala kubwa kuliko yote ni Internet Archive, maktaba iliyoanzishwa na Brewster Kahle huko San Francisco mwaka 1996. Wengi wanaijua kwa vitabu na video, lakini humo kuna maelfu ya CD za zamani zilizonakiliwa zilivyo: CD zilizokuwa zinakuja na magazeti ya kompyuta, na CD za kampuni ya Walnut Creek zilizobeba mkusanyiko wa Simtel, uliokuwa hazina kuu ya programu za DOS. Simtel yenyewe ilifungwa mwaka 2013. Nyingi ya programu hizo leo tunazipata kwa sababu kuna mtu hakuitupa CD.

Maktaba hiyo hiyo ina Wayback Machine, inayohifadhi sura za kale za tovuti. Mtengenezaji wa mazabodi yako (ubao mkuu wa ndani) akiwa ameondoa ukurasa wa msaada, nakili anwani yake ya zamani, iweke pale, uchague mwaka ambao mashine ilikuwa inauzwa. Mara nyingine faili lenyewe limehifadhiwa. Likikosekana, angalau utalijua jina lake kamili, na ukilijua jina kamili la faili kulitafuta kwingine kunakuwa rahisi.

Kwa draiva (programu ndogo inayoiwezesha windo kutumia kadi au printa) za Windows 95 na 98 kuna maktaba ya Vogons, wanaotunza mambo ya kompyuta za zama hizo. Kwa upande wa Mac kuna Macintosh Garden.

Ninapokuonya usiende ni kwenye zile tovuti zinazotokea juu kabisa ukitafuta neno draiva, zenye vitufe vitano vya kupakua kwenye ukurasa mmoja. Unachopakua pale ni programu yao ya kukuletea programu nyingine. Kijana mmoja wa Pasua alipakua hapo draiva ya printa, na akarudi kwangu mashine ikifungua matangazo yenyewe.

Programu ambayo haiuzwi tena si ni ya bure?

Hapana, na hapa naomba tuelewane vizuri. Kuacha kuuzwa hakufuti hakimiliki. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo. Programu iliyotelekezwa bado ina mwenyewe, hata kama hajulikani alipo.

Zilizo huru kweli ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kuna ambazo wenyewe walizitoa bure baadaye. Borland iliruhusu watu wapakue Turbo Pascal 5.5. Microsoft yenyewe iliitoa bure Word 5.5 ya DOS ili kuwaondolea wateja tatizo la tarehe za mwaka 2000. Kuna zile zilizoandikwa ziwe bure tangu mwanzo. Na kuna shareware, mtindo ulioanza mwaka 1982 kwa Andrew Fluegelman na Jim Knopf huko Marekani: unapewa programu, unaruhusiwa kumpa mwenzako, ukiipenda unamtumia mwandishi pesa. Soma faili la README ndani yake, ndilo linalosema masharti.

Angalia pia kwamba kutoa sehemu si kutoa yote. Waandishi wa mchezo wa Doom walitoa msimbo wake mwaka 1997, lakini viwanja na picha za mchezo kamili bado ni mali. Ndiyo maana kuna Freedoom, iliyotengeneza viwanja na picha zake upya.

Kwa Windows, msimamo wangu ni huu: nakupigia ile ambayo una CD yake au ile stika yenye namba iliyobandikwa ubavuni mwa CPU. Stika ikichanika, ipige picha kabla maandishi hayajafutika. Kraki, yaani programu ya kuvunja ulinzi wa leseni, siweki. Ukiacha sheria, kraki ndimo virusi vinapenda kulala.

Nimepiga XP lakini haina sauti wala mtandao. Nifanyeje?

Hilo ni suala la draiva, na ndilo linalowachosha watu kuliko yote. Wanatafuta kwa jina la kompyuta, wakati jina la kompyuta haliwasaidii. Mtengenezaji mmoja aliweza kutumia kadi tatu tofauti kwenye mashine zenye jina moja. Tafuta kwa namba ya kadi.

Kwenye XP, bofya My Computer kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, kisha Hardware, kisha Device Manager. Chenye alama ya kuuliza ya njano ndicho kisicho na draiva. Kifungue, nenda Details, utaona maandishi yenye VEN na DEV, kila moja ikifuatwa na herufi na namba nne. VEN ni mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni ATI. DEV ni kadi yenyewe. Kwa mfano VEN_10EC na DEV_8139 ni ile kadi ya mtandao ya Realtek RTL8139 iliyotapakaa kila mahali, na draiva yake kwa Windows 98 utaipata bila shida. Kama Device Manager inakuchanganya, washa mashine kwa CD ya Puppy au antiX, andika lspci -nn, utaziona namba zote kwenye orodha moja. Hii njia ya pili ndiyo ninayoitumia zaidi, kwa sababu inafanya kazi hata kama windo haijapigwa.

Anza na draiva ya mazabodi, halafu picha, halafu sauti na mtandao. Ukiruka ya mazabodi, nyingine hukataa au hukubali nusu nusu. Na kabla hujafuta windo iliyomo, nakili folda zenye draiva kwenye flashi kwanza. Nimeshalipia kosa hilo kwa wiki nzima ya kutafuta draiva moja ya modemu ya mteja, ambayo ilikuwa imo kwenye diski niliyoifuta.

Mashine yenyewe haina intaneti na haisomi flashi. Programu itaingiaje?

Njia ziko nyingi, chagua kulingana na ulichonacho.

CD ndiyo njia ya kawaida. Choma kwa kasi ndogo, si ile kubwa kuliko zote. Visoma CD vya zamani vinakwama kwenye CD zilizochomwa haraka. Tumia CD-R, maana vingi havisomi CD-RW, na vya kabla ya DVD havijui DVD kabisa.

Windows 98 haitambui flashi yenyewe. Toleo la pili, SE, linakubali ukiiwekea kifurushi cha draiva kinachoitwa NUSB, ambacho utakiingiza kwa CD. Baada ya hapo flashi yoyote iliyopangwa kwa mtindo wa FAT32 inasomeka.

Kama BIOS haikubali kuwaka kwa USB, kuna Plop Boot Manager. Unaiweka kwenye CD au flopi, mashine inawaka nayo, halafu yenyewe inakupeleka kwenye flashi.

Njia ninayoipenda mimi ni kuichomoa hadi diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa IDE (tundu la diski za zamani) kwenda USB. Unanakili kila kitu kwa dakika chache, unairudisha. Na kama hadi diski yenyewe inalia, badili uweke kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash kwa adapta ya IDE. Haina kelele, haitetemeki, na kwa DOS na Windows 98 ina kasi ya kutosha. Kumbuka tu kwamba DOS ya FAT16 haivuki GB 2 kwa kila sehemu ya diski, na Windows 98 huleta matatizo ukiiwekea RAM zaidi ya MB 512. Hapa kuongeza si kuboresha.

Flopi niziseme kwa ufupi. Vumbi letu la kiangazi na ukungu wa masika vimeziharibu nyingi. Ukifungua kile kibati na kuona madoa meupe, usiiingize kwenye kisomaji kizuri, itachafua kichwa chake na kuharibu flopi zinazofuata.

Bando ni ghali. Nitapakuaje bila kupoteza?

Pakua usiku kama laini yako ina bando la usiku, na tumia programu inayoweza kuendelea ilipokatikia. Kwenye Linux ni wget -c. Ikishafika, hakiki kabla hujachoma CD. Tovuti nzuri huandika namba ndefu ya SHA-256 pembeni ya faili. Kwenye Windows 7 na kuendelea andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Namba zikilingana, faili limefika zima. Zisipolingana, usijaribu kulitumia. Faili la chanzo kisichojulikana lipitishe kwanza VirusTotal, tovuti ya kukagua virusi.

Au njoo na flashi. Nilichokwisha kupakua na ambacho masharti yake yanaruhusu kugawa, nakunakilia bila malipo.

Je, flopi na CD za zamani zinaweza kuwa na virusi mpaka leo?

Ndiyo. Kirusi hakichachi. Kuna kimoja cha mwaka 1998 kinachoitwa CIH, kilichokuwa kinalipuka tarehe 26 Aprili, kinafuta diski na kuharibu BIOS yenyewe. Kinaishi kwenye Windows 95, 98 na ME tu, yaani kwenye mashine hizi hizi tunazozifufua. Kagua kila flopi na CD ya zamani kwenye kompyuta ya Linux kabla ya kuipeleka kwenye mashine yenyewe.

Nataka kuandikia barua na mahesabu ya kikundi tu. Niweke nini?

Kwenye antiX au Puppy weka AbiWord kwa barua na Gnumeric kwa mahesabu. Ni nyepesi na zinafungua mafaili ya Word na Excel ya kawaida. Kwenye XP, LibreOffice 5.4 ndilo toleo la mwisho linalokubali, kuanzia 6.0 inakataa. Kwenye DOS, ile Word 5.5 niliyoitaja inatosha kabisa kuandika muhtasari wa kikao.

Kiswahili kina bahati hapa. Hakina herufi zenye vidoto wala vikofia. Hata ng' inahitaji alama ya kawaida iliyopo kwenye kila kibodi. Mfaransa alihangaika na herufi zake kwenye programu za mwanzo. Sisi tunaweza kuandika risala nzima kwenye programu ya mwaka 1985 bila kubadili chochote.

Na kwa wanaotaka programu yenyewe iongee Kiswahili: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi ambayo menyu zake ni za Kiswahili. Ilitengenezwa kwa mashine za zama za Pentium III na 4, yaani hizi hizi. Ukiwa na CD yake kabatini, tafadhali nitafute. Ni kazi ya Watanzania ambayo haifai kupotea.

Nina mafaili ya zamani yasiyofunguka. Yamekufa?

Mara nyingi hapana. LibreOffice ya leo inafungua WordPerfect, Microsoft Works, Lotus 1-2-3 na dBase. Kwa hiyo usihangaike kutafuta programu ya zamani kwanza. Jaribu kufungua kwa LibreOffice kwenye kompyuta mpya.

Mwalimu mmoja mstaafu kutoka Machame alikuja na flopi 11 ndani ya kopo la biskuti, zenye maandalio ya masomo aliyoyaandika kwa WordPerfect 5.1. Alikuwa ameambiwa na duka moja kwamba hayafunguki popote. Flopi 9 zilisomeka. Nilimchapia kurasa za kwanza akazisoma akiwa amesimama, na kila ukurasa alikuwa ananitajia mwanafunzi aliyemfundisha somo hilo. Zile mbili ninazo bado, nazijaribu kwa visomaji tofauti. Flopi inayokataa kwenye kisomaji kimoja huweza kukubali kwenye kingine.

Mbona tovuti hazifunguki, na mtandao upo?

Sababu kuu ni mbili. Tovuti za leo zinazungumza na brauza kwa usimbaji mpya ambao brauza za zamani hazijui, na Firefox ya mwisho kwa XP, yaani 52, iliachwa mwaka 2018. Pili, kurasa zenyewe zimekuwa nzito. Kwenye Linux jaribu NetSurf, Dillo au Links kwa kusoma maandishi. Lakini usifungue benki wala barua pepe kwenye XP. Simu yako ya mkononi inafanya hayo vizuri zaidi. Iache mashine ifanye zile kazi zisizohitaji mtandao.

Kabla ya yote angalia saa. Betri ya BIOS, ile ya duara ya CR2032, ikiisha, kila ukiwasha tarehe inarudi nyuma miaka mingi, na vyeti vya tovuti vinaonekana batili. Betri mpya inauzwa kwenye duka lolote la saa. Nimeona watu wamepiga windo mara tatu kwa tatizo la betri.

Mimi ni mwalimu, tuna Pentium 4 kumi na mbili stoo. Watoto watajifunza nini?

Hili ndilo swali linalonifurahisha kuliko mengine yote. Weka antiX kwenye moja, ipange vizuri, kisha nakili diski yake kwenye nyingine zote ili zifanane. AntiX ina chombo chake cha kutengeneza nakala ya mfumo ulioupanga. Kisha weka Tux Paint kwa kuchora, Tux Typing kwa kujifunza kuchapa bila kutazama vidole, TuxMath kwa hesabu, na GCompris kwa wadogo. Zote ni huru, hakuna leseni ya kulipia kila mwaka.

Kwa wakubwa wanaotaka kuandika programu, Free Pascal na Python zinatosha, na mashine ya polepole ina faida yake: mwanafunzi akiandika mzunguko mbaya anauona kwa macho.

Kwa kusoma, tafuta kompyuta moja yenye nguvu kidogo, hata Core 2 Duo, uiwekee Kiwix (programu ya kusoma tovuti bila intaneti) na nakala ya Wikipedia ya Kiswahili. Ukiunganisha nyingine 12 kwa waya wa mtandao, zote zitaisoma kupitia brauza bila bando hata la shilingi moja. Shule moja huku mlimani tuliifanyia hivyo. Tulichukua Jumamosi tatu, nyingi ikiwa ni kufuta vumbi na kubadili betri.

Shughulikia umeme kabla ya programu. Monita za chogo zinakula umeme mwingi. Usiwashe zote 12 kwa wakati mmoja kwenye soketi moja ya kurefusha.

Mashine yangu inaendesha mtambo. Nikiibadilisha mtambo hautaki. Je?

Basi usiibadilishe. Arusha, maeneo ya Ngarenaro, kuna fundi anayechonga vibao na mihuri kwa mtambo unaoingia kwenye tundu lile pana la printa, na programu yake ni ya DOS. Aliambiwa na muuzaji anunue mtambo mpya. Tulichofanya ni kuitoa hadi diski, kuinakili yote mpaka chembe ya mwisho kwa programu ya Linux inayoitwa ddrescue, na kuihamishia kwenye CompactFlash. Diski ya zamani tumeiweka kabatini kama akiba. Mtambo unachonga.

Ukitaka kuendesha programu ya zamani kwenye kompyuta mpya, DOSBox inatosha kwa programu nyingi za DOS na 86Box inaiga mashine nzima. Ila kwa mtambo unaotegemea muda sahihi wa ishara kwenye waya, kuiga mara nyingi hakusaidii. Hapo chuma cha zamani ndicho sahihi.

Na michezo?

Ipo mingi. Internet Archive inakuwezesha kucheza maelfu ya michezo ya DOS ndani ya brauza bila kusimika chochote, tangu mwaka 2015. Ila brauza iwe ya kompyuta mpya.

Nimepewa iMac ya rangi, ile ya mviringo. Programu za Windows zitakubali?

Hapana. Prosesa yake ni PowerPC, lugha nyingine kabisa. Tafuta za Mac OS 9 au Mac OS X za mwanzo. Faili lenye mwisho wa .sit lipeleke kwenye Mac likiwa limefungwa vilevile, ulifungulie humo kwa StuffIt, programu ya Mac ya kufungua mafaili yaliyobanwa. Ukilifungua kwenye Windows linaweza kupoteza nusu yake na programu haitawaka.

Nina CD za mazabodi na printa ambazo sijui ni za nini. Nizitupe?

Usitupe hata moja. Zile CD zilizokuja ndani ya boksi ndizo zenye draiva halisi, na nyingi hazijawahi kuwekwa na mtu kwenye intaneti. Zifanyie nakala ya ISO (faili moja lenye CD nzima), uandike jina lililochapwa juu ya CD na mwaka, uweke nakala mbili mahali pawili. CD ya kuchoma usiiamini peke yake. Wino wake hufifia kwa jua.

Kuna draiva ya kadi ya sauti niliyoisaka miezi mitatu. CD yake niliikuta shambani Kahe, imefungwa kamba juu ya mti, inazunguka kufukuza ndege kwenye mpunga. Mama mwenye shamba alinipa, nami nikamfungia nyingine mbili tupu badala yake. Upande mmoja ilikuwa imeshapauka. Nilikaa nayo usiku kucha kwenye visomaji vitatu, na alfajiri faili la mwisho likasomeka.